Bolti Yenye Vitovu Viwili

Mtu akikudanganya, Inspekta alipenda kuwaambia vijana wa kituoni, usimkasirikie. Mshukuru, maana amekuonyesha mahali pa kuchimba. Ndiyo maana asubuhi ile aliingia chumba cha mahojiano uso mkunjufu, faili kwapani, akavuta kiti taratibu. Fundi Utelezi alikuwa amemdanganya, na safari hii Inspekta alikuwa na shahidi.

Fundi alikaa ng'ambo ya meza ambayo mahabusu waliotangulia walikuwa wameichonga majina yao kwa kucha na vifungo vya shati. Alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, mdomo usio na breki. Jina la Utelezi alipewa mtaani kwa sababu ya kazi yake. Alivivisha vyuma ngozi. Ngozi ndilo neno la karakanani. Ni utando mweusi mwembamba, unapulizwa kama rangi, kisha chuma kinaokwa kwenye tanuri mpaka utando na chuma viwe kitu kimoja. Chuma kilichovishwa hakishiki kutu, hakitaki mafuta, na kinateleza kwenye chuma mwenzake bila kukwaruzana. Kazi hiyo aliisomea chuoni, na kama ulisahau alikukumbusha.

Kilichomleta kwenye kiti kile ni kifo. Askari mmoja wa hifadhi ya wanyama, kijana bado, alikutana na nyati aliyejeruhiwa. Alipiga risasi ya kwanza. Akashika mkono wa bolti, kile chuma cha mviringo kinachovutwa nyuma kutoa ganda na kusukumwa mbele kuingiza risasi nyingine. Bolti ikakwama katikati ya njia. Nyati hakukwama.

Bunduki ile na nyingine zote za hifadhi zilikuwa zimetoka kwenye tanuri la Fundi Utelezi muda si mrefu. Mtaalamu wa makao makuu aliitazama bolti na kuandika kwamba ngozi yake ilikuwa nene mno na haikuiva; ilipopata joto la risasi ikalainika, ikanata. Kesho asubuhi Fundi angesomewa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Kilichobaki ni sahihi ya Inspekta kwenye faili kabla ofisi hazijafungwa.

"Uliniambia siku uliyooka bunduki za hifadhi umeme haukukatika," alisema Inspekta.

"Nilisema."

"Mwenye saluni jirani yako anasema ulikatika mchana kutwa. Mteja wake aliondoka na nywele mbichi, akagoma kulipa, wakagombana mpaka barabarani. Siku hiyo anaikumbuka kuliko siku ya kuzaliwa kwake."

Fundi alitazama dari. "Yule mdomo wake ungefaa kuwekewa kufuli."

"Mdomo ni wake, uongo ni wako. Kwa nini?"

"Kwa sababu ningekwambia umeme ulikatika ungefunga faili palepale, uende zako kula."

"Na sasa nisilifunge?"

"Zilikaa nusu mbichi tanurini, kweli. Kesho yake nikaziosha, nikazipiga mchanga, nikaanza upya toka mwanzo, zote. Hasara yangu mwenyewe. Nani angeniamini? Nyinyi mlishajua mnachotaka kusikia." Aliinama mbele. "Inspekta, siku zote hizi mnanihoji juu ya mtoto ambaye hamjanionyesha hata uso. Nileteeni hiyo bolti. Ikiwa yangu, nitakutilia sahihi hapahapa, usihangaike na mahakama."

Inspekta alisogeza faili pembeni. Alikuwa ameonywa kuhusu jambo hilo hasa. Aliyemwonya alikuwa Mjomba.

Mjomba hakuwa mjomba wake wa damu. Alikuwa sajenti mstaafu aliyemwokota Inspekta akiwa kuruta asiyejua kufunga hata kamba za viatu vya gwaride, akamfundisha kazi kama anavyofundishwa mpwa, kwa makofi ya mgongoni na masimango ya mapenzi. Baada ya kustaafu, hifadhi ilimpa ghala lake la silaha alitunze. Ni yeye aliyekuja kituoni kwa miguu yake, siku moja baada ya mazishi, akasema kwa uchungu kwamba yule fundi hajui kuoka. Ni yeye aliyetoa ushauri: usimwonyeshe kielelezo, akikiona atatunga hadithi ya kukifaa. Tena ulikuwa ushauri mzuri, na Inspekta aliufuata kama alivyofuata mingine yote.

Lakini sahihi ya mtuhumiwa ni tamu. Alifungua mlango, akamwagiza koplo wa vielelezo ailete bolti na kamera.

Koplo alikuja na mfuko wa kitambaa, kitabu cha kutilia sahihi na sura ya mtu asiyependa vitu vyake viguswe. Mdomo wa mfuko ulikuwa umefungwa vifundo viwili, kimoja juu ya kingine. Hivyo ndivyo Inspekta alivyofunga kila kitu. "Funga mara mbili, ulale mara moja," Mjomba alikuwa akimwimbia enzi zile, na mkono ukazoea. Alitoa kisu chake cha kukunja mfukoni, akakata kifundo cha kwanza, akakata cha pili.

Fundi alikuwa anatazama kisu, si mfuko. "Hicho kimevishwa."

"Zawadi."

"Si kazi yangu hiyo."

"Hakuna aliyesema ni yako." Alikikunja akakirudisha mfukoni.

Koplo aliilaza bolti juu ya karatasi safi, akaipiga picha pande zote. Fundi aliweka mikono yake nyuma ya mgongo bila kuambiwa, akainama, akaomba kioo cha kukuzia. Alimwambia Koplo aigeuze. Aigeuze tena. Halafu akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe akacheka.

"Huyu si mwanangu."

"Kila mzazi wa mtoto mtukutu husema hivyo."

"Haya, sikiliza basi, utajua hata mzazi wake. Kitu kinachookwa lazima kining'inie. Kikining'inia, kuna mahali waya unakigusa. Hapo dawa haifiki, panabaki doa tupu. Sisi tunaliita kitovu. Hakuna kilichopita tanurini kisicho na kitovu, kama mimi na wewe. Ila fundi anayejiheshimu anakificha. Mimi bolti naining'iniza kwa tundu la pini ya kufyatulia, waya unaingia ndani. Kachukue bunduki zote za hifadhi uzigeuze mpaka uchoke, kitovu hutakiona. Sasa tazama hapo, kwenye shina la mkono."

Inspekta alichukua kioo. Pale mkono wa bolti ulipoungana na mwili palikuwa na doa tupu, chuma kikimeta, dogo kama mbegu ya ufuta. Pembeni yake palikuwa na lingine.

"Yapo mawili," alisema.

"Ndilo linalonichekesha. Huyu hakuuamini waya mmoja. Bolti moja, haifiki hata kilo, kaitungika kwa nyaya mbili. Nimefundisha watu kazi hii, sijawahi kuona mwoga wa namna hiyo."

Inspekta aliendelea kutazama kwenye kioo ingawa alikwisha kuona.

"Na haikuokwa tanurini," Fundi aliendelea. "Tanuri langu lina kipimo cha joto. Hii imepashwa kwenye jiko la kuokea mikate. Chukua pamba, itie thina ya kuyeyushia rangi, sugua sehemu ndogo. Ngozi iliyoiva hata uisugue mpaka jioni haitoki. Yangu ikitoka, nifungeni."

Koplo alimtazama Inspekta. Kielelezo hakisuguliwi hivihivi. Lakini Inspekta aliandika saa, akaandika waliokuwepo, akamwambia Koplo apige picha kabla, wakati na baada. Kisha akachovya pamba kwenye thina, akasugua ubavu wa bolti pale ngozi ilipokuwa nene kuliko kwingine.

Pamba ilitoka nyeusi tii. Alibadili pamba, akasugua tena. Chini ya ule weusi zikaanza kutokea tarakimu, moja baada ya nyingine, zilizochongwa kiwandani na kuzibwa kwa dawa mpaka zikasawazika na chuma. Kila bolti ya bunduki za aina ile huchongwa namba ya bunduki yake, kwa kuwa hizo mbili zimepimwa pamoja na haziachani. Namba ya bunduki ya marehemu Inspekta aliijua kwa moyo. Hii haikuwa yenyewe.

Koplo alisahau kubonyeza kamera mpaka alipoguswa kiwiko.

"Ile karatasi ya kusaini," alisema Fundi, "irudisheni mlikoitoa. Na mniletee chai. Ya rangi."

*

Inspekta alitia sahihi kitabuni kuichukua bolti, akaiweka kwenye kiti cha abiria, akaendesha kuelekea hifadhini. Hakumpigia Mjomba simu. Alijiambia kwamba jambo lenyewe ni la kuelezwa ana kwa ana. Mjomba ndiye angeijua ile namba, Mjomba ndiye angemwonyesha aliyemchezea ghala. Kuhusu mtu anayefunga kitu mara mbili hakujiambia lolote. Aliongeza sauti ya redio.

Ghala la silaha lilikuwa chumba kirefu cha matofali nyuma ya ofisi za hifadhi, dirisha moja lenye nondo, mlango wa chuma. Ndani bunduki zilisimama kwenye rafu zao, mitutu juu, kila moja na kibao chake cha mbao. Mwisho wa chumba palikuwa na kizimba cha waya. Humo ndimo zilimokaa bunduki zilizofutwa, zikisubiri kwenda kuyeyushwa. Kizimba kilikuwa na kufuli mbili. Mjomba alikuwa mezani, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, anasugua mtutu kwa kitambaa, kwenye mkono wa shati lake bado kitambaa cheusi cha msiba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona umekonda? Kesi inakula ubwabwa wako?"

"Inakula na sahani."

Wakacheka. Mjomba alimimina chai kutoka kwenye chupa, akaongeza sukari kwenye kikombe cha Inspekta bila kuuliza kiasi, kwa kuwa alikijua. Inspekta aliweka mfuko mezani, akasimulia: pamba, thina, namba. Kuhusu vitovu hakusimulia. Baadaye, alipolazimika kuandika yote yaliyotokea siku ile, alishindwa kueleza kwa nini aliliacha hilo.

Alipoitaja namba, Mjomba aliendelea kumimina chai ya kikombe chake, hata tone halikudondoka.

"Hiyo ni ya bunduki iliyofutwa," alisema. "Iko pale kizimbani."

"Ina bolti yake?"

Mjomba aliinuka, akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili. Aliitoa bunduki kuukuu yenye kitako kilichopasuka. Mahali pa bolti palikuwa tupu.

"Eh," alisema.

"Nani ana funguo?"

"Mimi." Akafunga mlango wa ghala, akashusha sauti. "Na mkuu wa hifadhi. Mpwa wangu, kuna neno sikutaka kulisema, mimi ni mtu mdogo hapa, nategemea kibarua. Mkuu ana wageni wake. Wanakuja mwisho wa wiki na magari yenye friji. Hawaji kutazama ndege. Bunduki gani wanatumia, mimi sijui, kwa kuwa siku hizo ananiambia niende nikapumzike nyumbani."

Yote yalikaa mahali pake. Bunduki ya serikali inatoka kisirisiri, inawinda, inarudi imeharibika, bolti inabadilishwa, lawama anabebeshwa fundi wa mjini asiye na mtetezi. Inspekta alihisi mwili wake unakuwa mwepesi. Alikuwa tayari kumchukia mkuu wa hifadhi kwa moyo mmoja. Hakuwahi kumpenda, tangu alipomkuta anawaita askari wake kwa kupiga mluzi.

"Ungeniambia mapema, Mjomba."

"Nilikuwa naogopa. Uzee."

"Hii nitaichukua kielelezo." Inspekta aliishika bunduki kuukuu. Kibao chake cha namba kilikuwa kimefungwa kwenye kifyatulio kwa uzi mgumu, nao ulikataa kufunguka.

"Lete kisu," alisema Mjomba. "Wewe utajikata."

Inspekta alimpa. Mjomba alikifungua kwa dole gumba, kwa urahisi wa mtu anayekijua, akakata kifundo cha kwanza, akakata cha pili. Kisha akakirudisha kama alivyomfundisha kuruta wake kurudisha kisu, mpini mbele. Mwanga wa dirisha ulipiga kwenye ubapa, karibu na bawaba. Palikuwa na madoa mawili, chuma kitupu, madogo kama mbegu za ufuta, yamekaa pamoja.

Aliyajua madoa yale. Kisu hicho alipewa na Mjomba siku aliyopandishwa cheo, na siku zote alidhani madoa hayo ni alama ya kiwanda.

"Mjomba," alisema. "Hiki kisu ulikivishia wapi?"

"Kisu? Kitambo hicho."

"Wapi?"

"Nyumbani. Ilikuwa kopo la kupuliza na jiko la shangazi yako. Alininunia wiki nzima, kila mkate ulinuka dawa." Mjomba alicheka kwa kumbukumbu, na kicheko kikamfia mdomoni kabla hakijakomaa.

"Ulikitungika kwa nini?"

"Kwa waya."

"Nyaya ngapi?"

Nje kulikuwa na mtu anafagia changarawe. Mjomba alivaa miwani yake, akaivua tena. Inspekta alifungua mfuko, akailaza bolti mezani kati ya vikombe viwili vya chai, na kisu pembeni yake, madoa kwa madoa. Hakikuhitajika kioo cha kukuzia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na methali hiyo alifundishwa shuleni, akaitungia sentensi, akapata alama nzuri. Hakudhani kwamba nguo ingekuja kuwa suruali yake mwenyewe, mfuko wa kulia.

"Kaa, Mjomba," alisema.

Mjomba alikaa.

"Wale wageni wenye magari ya friji ni wa mkuu?"

"Hapana."

"Ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Endelea."

"Bolti ina masikio mawili mbele. Ndiyo yanayojifunga ndani ya bunduki wakati wa kupiga." Mjomba alizungumza akiitazama bolti, kama anayefundisha darasa. "Wale jamaa walipiga risasi zao za hovyohovyo, sikio moja likapasuka. Ningeripoti, wangeniuliza limepasukia wapi, na bunduki ilitakiwa iwe imelala hapa. Nikasema nichukue ya kizimbani, niivike, namba niizibe, isogeze siku mpaka nipate nyingine. Niliijaribu kwa mkono wangu, mpwa wangu. Ilikuwa inakwenda. Naapa ilikuwa inakwenda."

"Ikiwa baridi."

"Ikiwa baridi," alisema Mjomba.

"Halafu ukampa kijana."

"Ilikuwa zamu yake. Alikuja anacheka, sijui walikuwa wanataniana nini huko nje, akanyoosha mkono. Nikampa."

"Ulibeba jeneza lake."

"Nililibeba."

"Kitambaa cha msiba bado umevaa."

Mjomba aliushika mkono wa shati lake.

Inspekta alikuwa amehoji wauaji walioua kwa panga na wengine kwa sumu, na kwa wote sauti yake ilibaki moja. Sasa ilikuwa inamkimbia. "La bolti ulikosea," alisema. "Mtu hukosea, na kosa likaua. Lakini siku moja baada ya mazishi ulikuja kituoni kwa miguu yako, ukakaa mbele yangu, ukamtaja mwanamke asiye na hatia. Ukanikataza nisimwonyeshe kielelezo. Hilo si kosa, Mjomba. Hilo ulilifikiria."

"Nililifikiria."

"Angefungwa."

"Nilisema labda miaka michache. Bado ana nguvu."

"Na mimi?"

Mjomba aliinua macho. Yalikuwa na maji, na Inspekta alichukia kuona kwamba yalikuwa machozi ya kweli.

"Makao makuu waliniuliza," alisema Mjomba, "kwa vile nilifanya kazi na nyinyi wote, nani afaa kupewa faili hili. Nikakutaja wewe."

"Nilisikia. Nilijivuna. Nilimsimulia mke wangu, nikamwambia Mjomba hajanisahau."

"Najua."

"Kwa nini mimi?"

"Kuna yule mwenzako wa meza ya pili, ana akili nusu ya yako, lakini angekuja hapa angenihoji kama anavyohoji mtu yeyote." Mjomba alisogeza kikombe chake pembeni. "Wewe tangu nikujue hujawahi kuniuliza swali."

Iliuma. Inspekta alidhani alikuwa amekwisha kuumia alipoyaona madoa, kumbe lile lilikuwa mlango tu. Miaka yote aliuita utii wake heshima, na huyu mzee alikuwa ameuhesabu, ameupima, akauweka akiba kwa siku atakapouhitaji.

"Bolti yenyewe iko wapi?" aliuliza, kwa kuwa swali la kazi lilikuwa rahisi kuliko kukaa kimya.

Mjomba alivuta mtoto wa meza, akatoa kifurushi cha kitambaa. "Kitu cha serikali hakitupwi," alisema. Kilikuwa kimefungwa vifundo viwili. Inspekta alivikata mwenyewe, kwa kisu kilekile, kwa kuwa hakuwa na kingine. Bolti iliyotoka ilikuwa nyeusi, yenye ngozi nyembamba, laini kiasi kwamba ilimponyoka vidoleni ikagonga meza. Sikio moja lilikuwa na ufa. Namba ya bunduki ya marehemu ilisomeka wazi, ngozi imeifuata mpaka ndani ya kila mchongo. Aliigeuza juu na chini kutafuta kitovu, hakukiona.

Alitoa simu, akampigia Koplo.

"Mwachie Fundi. Mwombe radhi kwa niaba yangu, nitakuja kurudia mwenyewe. Mwambie nimempata mwenye vitovu."

Kulikuwa na minong'ono upande wa pili. "Anauliza ni nani," alisema Koplo.

"Mwambie ni wa nyumbani."

Akakata simu. Akaandika saa. Akamsomea Mjomba haki zake neno kwa neno, kama alivyofundishwa, na Mjomba akaitikia kwa kichwa penye kila kituo, akihakikisha hajaruka. Kisha mzee alisimama, akakunja mikono ya shati vizuri, kitambaa cheusi kikazama ndani ya mkunjo, akanyoosha mikono mbele.

Inspekta alitoa pingu, akambana mkono mmoja, akambana wa pili. Zikalia. Akabaki ameshika ufunguo wa kufuli ya pili, ile inayozuia pingu zisijikaze, hautii tunduni, haurudishi mfukoni.

Mjomba alitazama pingu, akasubiri. Yule anayefagia nje alikuwa amemaliza.

"Umesahau kufuli ya pili," alisema Mjomba kwa upole, sauti ileile ya uwanja wa gwaride. "Nilikufundishaje?"

"Sijasahau," alisema Inspekta. "Nilikuwa nakusubiri uniambie si kweli."

Mjomba alimsogezea mikono. Inspekta akatia ufunguo, akafunga kufuli ya pili.